Twiga Aliyekatwa Mkia

Nyinyi mnaoanza kazi ya kulinda wanyama leo mna simu, mna redio, na nasikia mna vidude vinavyoruka angani vikapiga picha pori zima. Sisi tulikuwa na macho na jozi moja ya buti, na buti zenyewe zililetwa saizi moja kwa askari wote. Mwenye mguu mdogo alijaza matambara, mwenye mguu mkubwa alikata kisigino. Mimi nilijaza matambara.

Nilikuwa askari wa wanyamapori huko Bariadi tangu miaka ya vijiji vya ujamaa mpaka nilipostaafu. Siku hizo hapakuwa na mkoa wa Simiyu, tulikuwa chini ya Shinyanga. Watu walituita Bwana Nyama, wote bila kujali cheo. Kuna bibi mmoja alinifuata siku yangu ya kwanza na sufuria, akidhani jina hilo maana yake nagawa nyama. Nilipomweleza kwamba kazi yangu ni kuzuia watu wasile nyama, alinitazama kwa huruma, akauliza kama wazazi wangu wanajua.

Vijana watatu walipita hapa kwangu Mkula juzi, wameajiriwa karibuni, wakaomba niwaonyeshe kufuata nyayo. Niliwaonyesha. Lakini walipoondoka nikabaki na jambo ambalo sikuwaambia, na ndilo linalonifanya niandike. Kwanza nitawapa mliyoyataka, halafu mtanivumilia kwa hayo mengine.

Unyayo usomeni asubuhi au jioni, jua likiwa limelala. Jua la mchana linafuta kila kitu. Simama ili unyayo uwe kati yako na jua, utauona una kivuli ndani yake. Usiukanyage. Gusa ukingo kwa kidole: ukimeguka kama unga, mnyama amepita muda mrefu, ukishikamana, yuko karibu. Kama sisimizi wameshajenga ndani, rudi nyumbani. Twiga unyayo wake ni kama wa ng'ombe aliyekua kupita kiasi, na anapotembea taratibu huinua miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja, kwa hiyo wa nyuma unatua mbele ya ulipokanyaga wa mbele. Mkiona hivyo msibabaike mkadhani anarudi nyuma.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Sayi. Alikuwa mtu mfupi, mweusi sana, aliyeanza kazi zamani kabla ya Uhuru akibeba mizigo ya wawindaji wa kizungu. Hakusoma zaidi ya kuandika jina lake na barua fupi, lakini alisoma ardhi kama mkaguzi anavyosoma daftari. Wiki yangu ya kwanza alinituma peke yangu nifuate nyayo za jangili kando ya mto. Nikaziona, za buti. Nikazifuata kwa bidii nusu siku nzima, nikikumbuka kila alichonifundisha, nikipinda kila zilipopinda. Mchana nikamkuta Mzee Sayi amekaa juu ya jiwe anakula karanga.

"Umempata?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Ila ni mjanja, anazunguka zunguka."

"Anavaa matambara ndani ya buti," akasema. "Ona, kisigino hakikai sawasawa."

Nikatazama buti zangu. Aliniachia nifuate nyayo zangu mwenyewe za jana yake tangu asubuhi, naye akinifuata nyuma ili nisipotee. Alicheka mpaka karanga zikamwagika, akaziokota moja moja. Hakumsimulia mtu kambini. Ndivyo alivyokuwa.

Kitu kilichomuumiza Mzee Sayi ni mitego ya waya. Kila tulipokuta mnyama amekufa ndani ya waya, alikaa naye kidogo kabla ya kuandika taarifa. Alisema mnyama aliyepigwa risasi sawasawa hajui kilichompata, lakini wa kwenye waya ana siku nzima ya kujua.

Sasa niwaambie habari ya Mkubwa. Jina lake sitalitaja na cheo chake nitakiacha. Hakuwa mtu wa kwetu. Aliletwa, na baadaye aliondolewa kama alivyoletwa. Siku hizo wote tulikuwa ndugu. Yeye alikuwa Ndugu anayekaa ndani ya Landrova, sisi tulikuwa ndugu tunaokimbia mbele kuondoa miiba barabarani. Alipenda hotuba. Alipokuja kwenye kijiji, wanafunzi walipangwa tangu asubuhi, akafika saa tisa, akawaambia kwamba wakati ni mali.

Viongozi wa aina yake walipenda kushika mgwisho, ule usinga wa kupungia nzi. Alikuwa nao mmoja, wa mkia wa ng'ombe. Nasikia alikwenda kwenye mkutano mahali, akamkuta mwenzake ameshika wa mkia wa twiga, nywele nyeusi ndefu zinazong'aa. Mkubwa aliporudi Bariadi ule wa ng'ombe akampa dereva.

Msaidizi wake alikuja kambini kwetu siku ya Jumanne. Mzee Sayi alikuwa safarini upande wa Lamadi, kiboko alikuwa anasumbua mashamba ya Kalemela. Nilikuwa mimi na bunduki.

"Ndugu Nkwabi," msaidizi akasema, "wewe ndiye mlengaji mzuri hapa?"

Nikasema watu husema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilipenda kusifiwa.

"Mkubwa anahitaji mkia wa twiga. Kwa shughuli za kitaifa."

Nikamwambia twiga hapigwi, sheria inakataza, na ni mnyama wa taifa.

"Ndiyo maana anafaa kwa shughuli za kitaifa," akasema, na wala hakutabasamu. "Kuna nafasi ya koplo imekaa wazi muda mrefu. Tunatazama nani ana moyo wa kujituma."

Ningeweza kusema namsubiri Mzee Sayi arudi. Ningeweza kusema bunduki ni mbovu, na kweli mara nyingi ilikuwa mbovu. Nilipanda gari.

Tuliwakuta si mbali, wanne, wanakula migunga. Twiga ana ugonjwa wa udadisi. Swala akisikia gari anakimbia, nyati anakasirika, lakini twiga anasimama akutazame, kama mtu aliyefungua mlango akitaka kujua mgeni ni nani. Tulishuka, mimi, msaidizi na dereva, nikaegemea boneti. Watatu walisogea nyuma. Mmoja, jike kubwa, alibaki amesimama ananitazama huku anatafuna. Nilimpiga hapo hapo alipokuwa akitafuna.

Risasi ya kwanza haikumwangusha. Hiyo ni habari ya mlengaji mzuri. Alikwenda kama hatua arobaini, akasimama, akageuza shingo kutazama nyuma tulipokuwa. Ya pili ilimwangusha. Twiga haanguki haraka, vijana. Anaanguka kama mti mkubwa, sehemu moja baada ya nyingine, na kichwa kinafika chini mwisho kabisa, na kikifika macho bado yanatazama.

Msaidizi alikuwa na kisu. Alikata mkia kabla mnyama hajatulia. Nilimwambia asubiri kidogo, akasema Mkubwa ana mkutano alasiri. Tukauweka mkia ndani ya gunia la pamba. Nyama yote ikabaki pale, kilo kwa mamia, kwa sababu mtu akiiona ndani ya gari ataulizia. Hatukukaa hata robo saa.

Kilometa chache kutoka pale palikuwa na kijiji kipya. Watu wake walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, kila familia na boma lake, wakaletwa wakae pamoja. Mashamba yao waliyaacha na mtama umesimama, na mvua ya mwaka ule iliwakataa mahali papya. Walikuwa wanakula mlenda na majani. Tai walipoanza kuzunguka, kijiji kizima kilijua maana yake. Walikwenda na mapanga na vikapu. Kesho yake pale palikuwa na mifupa na ngozi.

Habari za twiga aliyeuawa zilisambaa mpaka zikafika kwa watu wa juu zaidi. Likaja swali: nani ameua mnyama wa taifa? Na aliyetakiwa kujibu alikuwa Mkubwa.

Aliitisha baraza kijijini pale pale. Nilisimama nyuma yake na bunduki. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya urithi wetu, juu ya watoto ambao hawajazaliwa watakaotuuliza twiga wako wapi. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Na kila alipofika neno zito alipunga mgwisho wake mpya, nywele nyeusi ndefu, mpini wake umenakshiwa shanga na fundi wa mjini. Watu walikuwa wanautazama ule mgwisho. Wasukuma tumekaa na wanyama tangu asili, hakuna mzee pale ambaye hakujua ni mkia wa nini. Wakapiga makofi.

"Nampa Bwana Nyama siku tatu," Mkubwa akasema. "Nataka jangili."

Alinigeukia aliposema hivyo. Nami, Mungu anisamehe, nikampigia saluti.

Nilikwenda kwenye mifupa kama nilivyofundishwa. Nyayo zilikuwa nyingi, makatambuga ya tairi, wanaume, wanawake, kila mtu. Katikati ya hizo kulikuwa na jozi moja ambayo kiatu cha kushoto kilikatwa kwenye tairi la aina nyingine na cha kulia, mistari haifanani. Ilikuwa rahisi kuifuata. Sikuichagua kwa sababu nyingine yoyote. Ilinipeleka mpaka kwenye mji wa Jilala, mzee wa makamo mwenye ng'ombe wawili. Alikuwa ananoa jembe. Nyama ilikuwa imeanikwa juu ya paa.

"Mwangaluka," akanisalimu, akanivutia kigoda. Mke wake, Mayu Kulwa, yaani Mama Kulwa, akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa. Kisha nikamwambia mzee asimame.

Aliuliza, "Ni ile nyama?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Lakini tuliikuta. Kila mtu alichukua."

"Utaeleza mbele," nikasema.

Mzee Sayi alirudi kutoka Lamadi siku iliyofuata. Aliposikia, alichukua fimbo yake akaenda mwituni peke yake. Mvua haikuwa imenyesha. Ardhi pale ilikuwa bado inasema kila kitu kwa mtu anayejua kuisoma, na mimi sikuwa nimefikiria kuifuta, maana nilijua hakuna mwingine wa kuisoma zaidi yangu na yeye. Alirudi mchana akanikuta nasafisha bunduki.

"Gari lilisimama kwenye mgunga uliovunjika tawi," akasema. "Walishuka watatu. Mmoja viatu vya mjini. Mmoja alibaki karibu na mlango. Mmoja aliegemea mbele ya gari, ana matambara ndani ya buti."

Niliendelea kusugua mtutu.

"Yule mzee yuko mahabusu, Nkwabi."

"Niliagizwa."

"Kupiga uliagizwa. Jilala pia uliagizwa?"

Nikamweleza habari za siku tatu, na baraza, na ule mgwisho. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisimame mahakamani niseme ukweli, na yeye atasimama pembeni yangu, tufukuzwe wawili. Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri. Kesi ni Alhamisi."

Mzee Sayi aliandika barua mwenyewe kwa mkono wake ule wa kujitahidi, kueleza alichokisoma pale kwenye mgunga, akaipeleka ofisini. Jumatano ikaja karatasi ya uhamisho wake, aende kusini kabisa mwa nchi, aondoke na gari la asubuhi. Alifunga baiskeli yake na godoro. Nilikwenda kumsaidia kufunga kamba.

"Acha, nitafunga," akasema. Halafu akaongeza, "Alhamisi ni kesho."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Jilala hakuwa anakijua Kiswahili vizuri, karani akawa anatafsiri. Hakimu akamuuliza kama alikutwa na nyama ya twiga, akakubali. Akamuuliza nani alimuua mnyama.

Jilala alifikiri, akajibu kwa Kisukuma taratibu. Karani akasita kabla ya kutafsiri. "Anasema hamjui aliyeua. Anasema ila alikuwa mtu ambaye hana njaa, kwa sababu aliacha nyama akachukua mkia."

Watu wakanong'ona nyuma. Hakimu akagonga meza, akanigeukia mimi.

"Afisa, ulipokagua eneo, uliona dalili ya mtu mwingine au chombo chochote zaidi ya watu wa kijiji?"

Vijana, nimejibu maswali mengi maishani mwangu. Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nilimtazama Jilala, alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amsaidie kunyanyua mzigo.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema.

Alifungwa miaka mitano. Siku chache baadaye nilikuwa Malampaka kupokea shehena ya risasi iliyokuja kwa treni, nikamwona pale stesheni na wafungwa wengine wanangoja kusafirishwa. Nilitaka kujificha nyuma ya marobota ya pamba, lakini alishaniona. Akaniita kwa kichwa, maana mikono ilikuwa na pingu.

"Ukipita kwangu," akasema, "mwambie Mama Kulwa umeniona niko salama. Habari ya hizi pingu usimwambie."

Nikasema nitapita. Sikupita.

Cheo cha koplo nilikipata. Pia nilipata kazi zaidi, kwa sababu wenye vyeo wengine walipouona mgwisho wa Mkubwa nao walipata shughuli za kitaifa. Twiga waliofuata sitawahesabu hapa. Nilikuwa nimeshajifunza kupiga wakaanguka kwa risasi moja, na nilijidanganya kwamba hiyo ni huruma. Mkubwa mwenyewe alihamishwa mwaka uliofuata. Siku ya kumuaga walimpa zawadi ya ngozi ya chui, na risala iliyosomwa ilimsifu kwa kupenda mazingira. Nilisikia kwamba Mzee Sayi alifia huko huko kusini. Barua niliyomwandikia ilirudi na muhuri wa posta.

Jilala alitoka gerezani anakohoa, akaishi miaka miwili. Nami nilikuwa nazunguka wilaya ile ile, kila nikikaribia kijiji kile napitia njia nyingine, nikisema nitakwenda nikiwa likizo, nitakwenda nikistaafu. Nilistaafu. Ikapita miaka mingine minne kabla sijapanda gari kwenda.

Mayu Kulwa alikuwa amezeeka, anachambua dengu kwenye ungo. Hakunitambua mpaka nilipotaja kazi yangu. Akaniambia nikae. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani tangu Mkula, lakini nilipokaa yote yakanitoka, nikasema kwa kifupi tu. Kwamba twiga yule nilimpiga mimi. Kwamba mkia ulikwenda kwa Mkubwa. Kwamba nilijua siku zote, hata siku niliyokunywa maji yake.

Aliacha kuchambua. Akauweka ungo chini.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema.

Nikamuuliza alimtuma wapi.

"Kwenye ile nyama. Yeye hakutaka kwenda. Alisema ni mali ya serikali, itatuletea balaa. Nikamwambia wenzako wanapita na vikapu, wanao watakula hotuba za serikali? Nikamfukuza aende. Alipofungwa nikajua nimemfunga mimi. Alipokufa nikajua nimemuua mimi. Watoto wangu hawajui. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo."

Miaka yote ile nilidhani deni langu ni kwa mtu mmoja aliyekaa gerezani. Sikuwahi kufikiri kwamba palikuwa na mtu mwingine aliyefungwa nyumbani, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

"Kama asingekwenda," akaniuliza, "mngemwacha?"

"Tungemkamata mwingine, mayu. Yeyote. Walitaka mtu tu."

"Yeyote," akarudia. Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, mara mbili au tatu, kama anayelijaribu uzito wake. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Kisha akaita ndani kwa sauti, akamwita mwanawe Kulwa na mdogo wake waje wote, na wakwe waje, na yeyote aliyekuwa nyumbani.

Walipokwisha kukaa, akanielekeza kwa mkono.

"Waambie," akasema. "Anza mwanzo. Polepole, ili wote wasikie."